Muulize Nesi: Kila mtoto anaondoka wiki ya kwanza, je ni mkosi?

Wasomaji wangu wa Mwanza na wa kandokando ya ziwa, mwadila. Mwezi huu nimechagua barua nne, ukizisoma haraka utaona hazihusiani ila zina undugu, ndo maana nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana nimeisoma mara tatu na usiku sikupata usingizi.

SWALI: Shikamoo Nesi. Nina miaka 27 naishi huku Igombe, mume wangu mvuvi na mimi naanika dagaa. Nimezaa mara nne. Wa kwanza yupo, darasa la pili, mzima kabisa. Watatu waliofuata wote nilijifungulia hospitali, kilo tatu na kitu, wakalia, wakanyonya, tukaruhusiwa. Halafu siku ya tatu au ya nne mtoto analegea, ananyonya kidogo anaacha, anatapika, analala tu hata ukimwamsha hashtuki vizuri, kisha degedege, na wiki mbili hazifiki ameondoka. Wote hivohivo, kama mtu alipanga. Mara zote hospitali waliandika uambukizo wa kichanga. Mama mkwe anasema kuna kitu nimetoka nacho kwetu, ameshampeleka mwanae kwa mganga na sasa habari ni ya kuoa mke mwingine. Je kuna ugonjwa wa namna hii au kweli nina mkosi? Na nikishika mimba nyingine nifanyeje? (Mama wa Igombe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, pole sana, mara tatu kwa kila mmoja wao.

Ndiyo, magonjwa ya namna hii yapo, na sio moja, yanajulikana zaidi ya elfu moja, kila moja peke yake ni adimu ila ukiyajumlisha sio machache. Ni magonjwa ya kuzaliwa nayo ambapo mwili unashindwa kukitumia chakula. Sisemi kwamba ndo yaliyowachukua wanao, maana sijamwona hata mmoja, na uambukizo kweli unaua vichanga wengi zaidi kuliko haya. Ila mtoto aliyezaliwa mzima, akakaa siku mbili vizuri, halafu akaanguka baada ya maziwa kuanza kuingia sawasawa, tena watatu kwa mtindo uleule, hapo dokta yeyote akisikia anatakiwa asimame akae chini akuulize upya.

Ntakueleza kwa kitu unachokijua kuliko mimi. Dagaa wakishuka kwenye mtumbwi pale mwaloni kuna wanaobeba, kuna wanaoanika, kuna wanaogeuza, kuna wanaofagia na kujaza kwenye magunia. Sasa chukulia siku moja wale wa kuanika hawapo kabisa na mitumbwi inaendelea kuleta. Dagaa wanarundikana pale chini, wanaanza kuoza, harufu inatoka, inzi wanajaa, na huku mbele mwenye gunia kakaa mikono mitupu hana cha kujaza. Mwilini wafanyakazi hao wanaitwa vimeng'enya, kila kimoja kina hatua yake moja tu, na mtoto akizaliwa kimoja hakipo basi kitu kinarundikana nyuma yake kinakuwa sumu, na kilichotakiwa kupatikana mbele kinapungua. Wakati mwingine ni sumu inayoua, wakati mwingine ni upungufu, mara nyingi vyote kwa pamoja.

Na kwanini anazaliwa mzima? Kwasababu tumboni kondo la nyuma lilikuwa linamsafishia, takataka zake zilipita kwako na mwili wako ukazitoa. Wewe ndo ulikuwa unamfanyia kazi ile miezi tisa yote. Kitovu kikikatwa anabaki mwenyewe, na ndani ya siku chache rundo linajaa. Nataka hili mama mkwe asomewe kwa sauti.

Sasa habari ya kutoka nacho kwenu. Mengi ya magonjwa haya yanataka baba awe amebeba nusu na mama awe amebeba nusu, wote wawili wazima kabisa hawajui, na mtoto akipata zote mbili ndo anaugua. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, kila mimba upya, haimaanishi akifa mmoja watatu wanaofuata wako salama, ndo maana inaweza kutokea watatu mfululizo na yule wa kwanza akawa mzima kama wa kwako. Kwahiyo hapo mume katoa sawa na ulivyotoa. Na kama mume kuoa mwingine ndo dawa, basi na wewe kuolewa na mwingine ni dawa hiyohiyo, hesabu ni ileile, hakuna sababu ya kumfukuza mmoja na kumpongeza mwenzie. Ila hukuniambia kitu kimoja: hao watatu walikuwa wa kiume au wa kike? Na wewe kwenu, mama yako au dada zako wameshapoteza watoto wa kiume wachanga? Kuna aina inayopitia upande wa mama na inawapiga zaidi watoto wa kiume, dokta lazima alijue hilo. Na hata ikiwa hiyo, mwanangu, hakuna mtu aliyechagua cha kubeba kwenye damu yake.

Ntakusimulia kuhusu mama mmoja wa Norway, Borgny Egeland. Alikuwa na watoto wawili, wote walizaliwa wazima halafu akili ikawa haikui, na yeye aligundua wana harufu fulani ya ajabu, mkojo ule una harufu ambayo wengine waliona ni jambo dogo. Alizunguka kwa madaktari miaka na miaka. Mwaka 1934 akafika kwa Asbjørn Følling, akamletea mkojo, yule akaweka kemikali na mkojo ukageuka kijani, kitu ambacho hakukitegemea, akakifuatilia mpaka akaupata ugonjwa ambao leo unaitwa fenilketonuria. Kwa wale wawili ilikuwa imeshachelewa. Ila leo nchi nyingi mtoto anatobolewa kisigino siku za mwanzo, tone la damu linawekwa kwenye karatasi, akikutwa nao anapewa chakula chake maalum na anakua na akili zake timamu. Kipimo hicho cha karatasi alikianzisha Robert Guthrie wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na yeye alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili nyumbani. Mimi huwa nasema kilichofungua ule mlango ni pua ya mama ambaye hakukubali kunyamazishwa.

Kwahiyo nunua daftari, hata lile la shilingi mia tano. Kila mtoto mpe ukurasa wake. Andika tarehe, alizaliwa saa ngapi, siku gani alianza kulegea, alitapika kabla au baada ya kunyonya, macho yalikuwa ya njano au hapana, alikuwa anahema harakaharaka au hapana, mkojo au jasho lilikuwa na harufu gani, kuna magonjwa yananuka kama sukari iliyoungua na mengine kama miguu yenye jasho, usione aibu kuandika. Halafu ukurasa wa ukoo, upande wako na upande wa mume, watoto waliokufa wachanga, na kama wewe na mume mna undugu wa damu andika pia, hata wa mbali.

Lazima niseme na hili. Nimefanya wodi ya watoto zaidi ya miaka ishirini na hospitali siitaji, ile kadi ya kliniki ina sehemu ya mimba ngapi, kuzaa mara ngapi, watoto walio hai wangapi, na sisi tulikuwa tunajaza namba. Nne, nne, mmoja. Tunageuza ukurasa. Nimejaza namba hizo kwa mkono wangu na sikumwuliza mama hata mmoja hao wengine waliondokaje. Usisubiri uulizwe, wewe weka daftari mezani.

Kabla ya mimba nyingine nenda na mume wako, wote wawili, mkaombe rufaa mpaka kliniki ya watoto pale Bugando, muongee na dokta wa watoto mapema. Ujifungulie kwenye hospitali yenye wodi ya vichanga na usikubali kuruhusiwa siku hiyohiyo. Mtoto apimwe sukari ya damu toka mwanzo, na dalili ya kwanza tu ya kulegea, sio ya degedege, apimwe uambukizo na aanze dawa kama kawaida, ila pia dokta awaze haya mengine: damu imekuwa tindikali? amonia imepanda? Mara nyingi kinachofanyika haraka ni kusimamisha maziwa kwa muda na kumpa dripu ya sukari mwili upumue. Nasisitiza kwa muda na kwa amri ya dokta, sitaki mama yeyote anayesoma hapa amnyime mtoto titi, maziwa ya mama ndo bora kwa karibu watoto wote wa dunia hii, ni wachache mno kama wale wenye galaktosemia ambao hata maziwa ya mama yao hawayawezi. Vipimo vingine havipatikani karibu, lakini tone la damu lililokaushwa kwenye ile karatasi linasafiri mbali bila barafu. Na hili ni gumu kulisema: hata mtoto akizidiwa, ombeni hilo tone lichukuliwe, maana linaweza kuongea baada yake na likamwokoa mdogo wake.

Umeniuliza kama yana dawa, hukuandika hivo ila nimeiona kwenye barua. Mengine hayana. Mengine yanatulizwa na vitu vya kawaida kabisa, upo ugonjwa unaotulizwa na vitamini moja inaitwa biotini kila siku, na upo ugonjwa wa sukari kushuka usiku ambao toka mwaka 1984 unatibiwa kwa wanga mbichi wa mahindi unaokorogwa kwenye maji ya baridi mtoto anakunywa kabla ya kulala. Wanga wa mahindi tu. Usikate tamaa, na ukishaenda niandikie tena.

SWALI: Nesi habari za kazi. Mdogo wangu kajifungua mtoto wa kiume, siku ya tatu macho na ngozi vikawa vya njano, bibi akasema tumuanike jua la saa moja asubuhi litatoka. Siku ya tano hanyonyi tukakimbia hospitali, akawekwa kwenye taa ya bluu na akaongezewa damu, sasa hivi mzima tunamshukuru Mungu. Dokta aliuliza nguo za mtoto zilihifadhiwa wapi, kumbe tulizitoa kwenye begi la kaka yake lenye vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Akauliza pia kama kuna mtu kwetu alishakojoa mkojo mweusi baada ya dawa, tukamkumbuka mjomba wetu alipokuwa mdogo. Akasema G6PD, hatukuelewa. Binamu yangu aliyeko Oman anasema mtoto huyo asile maharage maisha yake yote, kweli? Sisi maharage ndo mboga yetu. (Mama Mkubwa, Kirumba)

JIBU: Nzuri mama. Huyo dokta nampa heshima zangu, maana kauliza swali la begi la nguo.

G6PD ni kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu zisiungue. Aliyepungukiwa nacho anaishi kawaida kabisa, anasoma, anacheza mpira, anazeeka, mpaka siku akutane na kitu kinachochoma damu yake, hapo seli zinapasuka kwa wingi, macho yanakuwa ya njano, anaishiwa nguvu na mkojo unatoka rangi ya koka. Wenye hali hii duniani ni kama milioni 400, wengi sana wako sehemu zenye malaria kama huku kwetu, kwasababu upungufu huu unampa mtu kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndugu yake ni selimundu ambayo nayo imejaa kandokando ya ziwa hili kwa sababu hiyohiyo. Unapitia kwa mama kwenda kwa mtoto wa kiume ndo maana mjomba alikuwa nao, na mama yenu hakujua.

Vile vidonge vya kabatini ni naftalini, na hiyo ni moja ya vitu vibaya kabisa kwa kichanga wa aina hii, ile harufu tu inapita kwenye pua na kwenye ngozi. Nimeona mabegi hayo mengi, nguo nzuri zimekunjwa vizuri kwa mapenzi, na vidonge vinne vitano vimetumbukizwa katikati ya kofia na soksi. Tupeni vidonge, fueni kila kitu, anikeni nje mpaka harufu iishe kabisa, na blanketi pia. Hili nawaambia wajawazito wote wa Mwanza hata kama hawajui kama wana G6PD au hawana, nguo za mtoto zisikae na naftalini.

Maharage: binamu yako hajakosea ila anaongelea maharage mengine, yale makubwa ya kijani yanaitwa fava, yanaliwa sana Uarabuni na nchi za Bahari ya Kati. Maharage yetu haya ya njano, ya soya, ya kablanketi, mtoto akifika umri wa kula ale mpaka ashibe.

Cha kuogopa ni dawa. Primakwini ya malaria, ndo iliyofanya watafiti wa Chicago wagundue upungufu huu mwaka 1956, halafu dapsoni, na nitrofurantoini ya mkojo. Kuna dawa moja ya malaria iliyochanganywa na dapsoni ilikuwa inatumika Afrika ikaondolewa mwaka 2008 kwa ajili ya watu hawahawa. Dawa mseto tunayoizoea haina shida kwake. Kwenye kadi ya mtoto ukurasa wa kwanza andikeni G6PD kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, na mtu asinunue dawa duka la dawa akampa bila kuionyesha hiyo kadi. Dada yake, au mama zake wadogo na wakubwa, wakizaa watoto wa kiume wapimwe. Ila akija kukojoa mweusi akiwa na homa msikae kusema aah ni G6PD yake, malaria kali nayo inafanya hivo, mkimbizeni.

Na jua la saa moja, bibi nampenda na namheshimu, lakini sio matibabu ya manjano. Manjano yakizidi yanaingia kwenye ubongo na mtoto anabaki kiziwi au mwenye viungo vinavyokakamaa maisha yote. Njano ikionekana siku ya kwanza, au ikishuka mpaka tumboni na miguuni, au mtoto hanyonyi, hapo ni bodaboda na hospitali.

SWALI: Nesi mimi na mume wangu wote weusi kabisa, nimejifungua mtoto mwenye ualbino. Mume hasemi kitu lakini hambebi. Ndugu zake wanauliza huyu mzungu katoka wapi. (Sengerema)

JIBU: Mwanangu, weupe wa mtoto sio ushahidi wa uzinzi. Ualbino unataka baba atoe na mama atoe, bila yeye usingetokea, mwambie hivyo taratibu mkiwa wawili. Ni wa ukoo uleule wa magonjwa ya barua ya kwanza: Archibald Garrod, dokta wa London, alipotangaza mwaka 1908 kwamba kuna watu wanazaliwa na hatua moja ya mwili haifanyi kazi, alitaja hali nne na ualbino ni mojawapo. Hatua ya kutengeneza rangi ndo haifanyi kazi, hamna kingine. Tanzania makadirio yanayotajwa zaidi ni mtoto 1 kati ya 1,400, kwahiyo waliobeba ni wengi sana mitaani, hata hao ndugu wanaouliza.

Mlinde na jua toka leo, kofia pana, mikono mirefu, macho yapimwe mapema na shuleni akae mbele. Mafuta ya jua yanatengenezwa hapahapa nchini, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ulizeni kliniki ya ngozi jinsi ya kuyapata. Kansa ya ngozi ndo inayowaua wengi kabla ya uzee na inazuilika. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua watoto hawa walifanyiwa nini na binadamu wenzao, kwahiyo asiachwe peke yake, na mwenyekiti wa mtaa ajue kwamba yupo na kwamba mnamlinda. Mume akianza kumbeba mbele ya ndugu zake maswali yatapungua yenyewe, mpe leo amshike wakati wewe unapika.

SWALI: Nesi shikamoo, natokea Ukerewe. Nimesikia muhogo unalemaza miguu na ni ugonjwa wa kurithi, huku kwetu bila ugali wa muhogo hatujala. Tuache? (Baba Wawili)

JIBU: Marahaba baba. Sio wa kurithi, ila nimefurahi umeuliza. Unaitwa konzo, jina limetoka Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na huku kwetu ulishatokea Tarime mwaka 1985. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, watu wanaijua toka zamani ndo maana wanauloweka, wanauvundika, wanauanika. Wakati wa ukame na njaa familia inakosa subira, muhogo uliotakiwa kukaa siku kadhaa unakaa moja unasagwa, na huku mboga hakuna. Mtu anaamka asubuhi miguu imekakamaa, haiumi, haina homa, na haitarudi kama zamani. Wanaopata zaidi ni watoto na akina mama.

Na hapa ndo inapoungana na barua ya Igombe. Mwili unaweza kuiondoa ile sumu, ila kazi hiyo inataka salfa, na salfa inatoka kwenye protini ya samaki, nyama, mayai, na maharage kidogo. Aliyekula muhogo mtupu wiki nzima anakosa cha kuondolea. Kwahiyo baba msiache, udaga, yaani muhogo uliovundikwa siku zake zote na kukauka sawasawa hauna shida, ila kwenye ule ugali dagaa wawepo, na wasiishie kwenye sahani yako, watoto na mama yao wapate kwanza.